Bushi Nne za Kanyoni na Kibuyu cha Jenoveva

Garini tulikuwa watatu. Wa kwanza ni mimi, Konsolata, mjane wa Anselmi wa Mabawe, yule aliyemwendesha padri mpaka magoti yakamkatalia. Wa pili ni Deogratiasi, mume wa binti yangu Imakulata, kwa hiyo ni mkwe wangu, na hilo mlishike, maana ndilo lililotuponza. Wa tatu ni Bi Hadija binti Sefu, mwenye duka la vitenge Ngara mjini. Babu zake walikuja kutoka pwani na biashara zao wakakaa, na mimi naye ni marafiki tangu siku za kubadilishana maharage yangu na kanga zake. Biharamulo alikuwa akitungoja kaka yangu Paskali, na binti yake Jenoveva, bibi harusi.

Mmeniuliza mno habari za safari ile, nyinyi wenzangu wa jumuiya na nyinyi wajukuu, na kila mmoja ameshasikia yake kwa mtu mwingine. Nimeishia darasa la nne, lakini kuandika naweza. Basi hii ndiyo yenyewe.

Kwetu msichana hatoki nyumbani kwa baba yake mpaka shangazi ampake mafuta ya ng'ombe mabegani, kisha amshike mkono avuke kizingiti. Mafuta yanatoka kwa shangazi, kibuyu kimejaa hadi shingoni, na yanayobaki bibi harusi anakwenda nayo kwa mumewe. Shangazi wa Jenoveva ni mimi. Hakuna mwingine, dada zangu wote wako udongoni. Harusi ilikuwa Jumamosi asubuhi, na sisi tuliondoka Mabawe Ijumaa alfajiri. Nisipofika, ama bibi harusi asitoke na wakwe wageuke wakiwa na hasira, ama atoke mabega makavu. Na siku mtoto wake wa kwanza atakapoumwa homa, jina litakalotajwa ni la nani? La Konsolata.

Mabawe hadi Ngara mjini

Gari lilikuwa la marehemu mume wangu. Ni kile kigari kidogo cha zamani, milango miwili, taa mbili za mviringo kama macho ya mtu aliyeshtuka. Tulikiita Kanyoni, yaani kandege. Anselmi alikinunua kikiwa kizee na akakitunza kama mgonjwa.

Mimi nilikaa nyuma na kibuyu changu mapajani. Mkwe hakai bega kwa bega na mama mkwe, wala hawatazamani usoni, wala hawajibizani. Deogratiasi ni mtu wa heshima, siwezi kumnyima hilo. Heshima yake ilikuwa kubwa hata akakigeuza kile kioo cha kutazamia nyuma kikaelekea paa, asije akaniona uso. Bi Hadija alikaa mbele, na kila neno langu kwa mkwe lilipitia kwake.

Hatujafika mjini, gari likaanza kulia mbele. Ko, ko, ko, kila shimo.

"Bi Hadija," nikasema, "muulize mkwe, hizo bushi alizibadilisha?"

"Mkwe, unaulizwa bushi."

"Mwambie Mama tutapita kwa fundi Masumbuko."

Bushi, kwa wasiojua, ni kipande kidogo cha mviringo chenye tundu katikati. Bolti hupita humo, na chenyewe hukaa kati ya chuma na chuma ili visigombane. Kanyoni ilikuwa na nne mbele, za mpira, zimekwisha kulika. Na chini ya kiti changu kulikuwa na nne nyingine, nyekundu kama nyanya mbivu, ndani ya mfuko. Hizo Anselmi alipewa na Mzungu mmoja fundi aliyekuja miaka ya wakimbizi. Alipoiona Kanyoni barabarani alisimama akacheka mpaka machozi, akasema bibi yake alikuwa na gari kama hili, na aliporudi likizo kwao akamletea. Siyo mpira zile. Ni namna ya plastiki ngumu inayonepa kidogo, ina jina refu linaloanza na poli, na watu wa gereji walizikatia jina wakaziita hivyo tu, bushi za poli. Zilikuja na kichupa cha grisi yake maalumu.

Pale gereji Masumbuko na Deogratiasi wakaanza mkutano wao. Mimi mwenye gari nimesimama hapo hapo, kama mzigo ulioteremshwa.

"Hizi za poli ni za magari ya mashindano," Masumbuko akasema. "Ngumu. Zitawatoa meno. Mpira unameza shimo kabla halijafika kiunoni."

"Weka mpira," Deogratiasi akasema.

Sikugombea hilo. Mpira ni mzuri, hata Anselmi aliupenda, haupigi kelele wala hautaki mafuta. Lakini nikaona Masumbuko amelipandisha gari juu ya jeki, magurudumu yananing'inia, na anakaza bolti hapo hapo hewani, anakaza kwa nguvu zake zote mpaka shingo inamvimba. Ndugu zangu, mimi nimemshikia mume wangu spana miaka kumi na mitano. Ninajua neno moja la gari, na alinifundisha yeye: bushi za mpira, ingiza bolti, shusha gari lisimame kwa miguu yake, ndipo ukaze.

"Bi Hadija! Mwambie mkwe amwambie fundi ashushe gari kwanza."

Bi Hadija akasema. Deogratiasi akatazama chini kwa adabu. Masumbuko akaibuka, uso umejaa oili.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Shusha gari."

"Bibi, nenda pale kivulini upunge upepo. Gari siyo jiko."

Gari siyo jiko! Wakacheka, na mkwe wangu akageuza uso nisimwone kama anacheka au hacheki. Ningeweza kumfuata nikamwambia ana kwa ana, "Gari ni langu, shusha." Lakini mkwe hafuatwi. Nikaenda kivulini. Hasira niliyokaa nayo pale, ingekuwa moto ingechemsha maharage ya shule nzima.

Ngara hadi Kasulo

Mwanzo gari lilitulia, nikaona nyuma ya shingo ya Deogratiasi imejaa ushindi. Bi Hadija akafungua vitumbua vyake, mimi nikatoa ndizi zangu za kuchoma, tukala tukishuka ile milima.

"Umenuna, Bi Konso," akaniambia.

"Sijanuna. Ninasubiri."

"Unasubiri nini?"

"Nasubiri mpira ukatike."

Haukunichelewesha. Chini ya mteremko wa mwisho kabla ya Kasulo, Kanyoni ikapiga mlio mmoja mzito mbele, kisha ikaanza kwenda upande kama mbuzi aliyeona majani. Deogratiasi anavuta usukani huku, gari linakwenda kule. Lori likapiga honi nyuma yetu na yeye hakuliona, kwa sababu kioo kilikuwa kinatazama paa kwa heshima yangu! Lilitupita kwa upana wa kiganja. Kibuyu changu kiliruka, nikakidaka kwa meno, sisemi uongo, niliiuma ile kamba yake.

Tukafika kwenye kizuizi cha barabara tukijikokota. Na kizuizi, wakati ule, kilikuwa jambo zito. Msitu wa mbele ulikuwa na majambazi wenye bunduki, hakuna gari lililoruhusiwa kwenda peke yake. Yalipangwa msururu, askari mbele na askari nyuma, yakaenda pamoja kwa mwendo mmoja. Askari akaizunguka Kanyoni, akaisukuma kwa mguu, ikapiga kelele.

"Hili haliingii kwenye msafara. Likiniharibikia katikati ya msitu nisimamishe magari yote kwa ajili yenu?"

"Afande, tuna harusi kesho asubuhi," Bi Hadija akasema.

"Msafara wa mwisho saa tisa. Litengenezeni, au mlale hapa."

Ilikuwa saa nne na nusu. Fundi aliyekuwa karibu, wakasema watu, ni mkimbizi mmoja aliye kwenye geti la kambi ya Lukole, Mrundi, anaitwa Salvatori.

Lukole

Vijana wakatusukuma, wengine wakicheka taa za Kanyoni, mpaka penye geti la kambi. Nikashuka, nikawauliza kina mama waliokuwa na kuni njiani aliko Salvatori. Niliwauliza kwa Kihangaza, lugha yetu ya nyumbani, nao wakanijibu kwa Kirundi, na lugha hizo ni kama mtoto wa mkubwa na wa mdogo, tukaelewana bila shida. Hilo likamleta mlinzi, Mathayo jina lake, mbio na fimbo.

"Wewe mama, kadi yako ya mgao iko wapi? Nani kakupa ruhusa ya kutoka nje ya kambi? Na hicho kibuyu ni pombe?"

Mimi! Nilikuwa nimeamka saa tisa usiku, nimedharauliwa gereji, nimekoswa na lori, sasa naambiwa nionyeshe kadi ya mgao. Yakanitoka yote. Nimeahidi kusimulia, basi nasimulia, ingawa aibu bado iko.

"Mkimbizi mimi? Mimi nina kwetu! Nina shamba Mabawe, nina kaburi la mume wangu pale pale shambani. Mimi siyo mtu wa kupimiwa mahindi kwa kopo!"

Nilisema kwa sauti ya kanisani. Kina mama wa kuni waligeuka wakanitazama. Nyuma yao palikuwa na mwanaume mrefu, mwembamba, ameshika spana kwenye kitambaa. Alikuwa amesikia kila neno. Akangoja nimalize, kisha akasema kwa Kiswahili cha polepole:

"Shikamoo, Mama. Mimi ndiye Salvatori. Gari ni hilo?"

Bi Hadija ndiye aliyesema marahaba kwa niaba yangu.

Akaingia chini ya Kanyoni, akakaa kidogo, akatoka na kipande cha mpira kimechanika mara mbili kama mdomo.

"Mpira mpya huu," akasema. "Nani alikaza gari likiwa hewani?"

Ndugu zangu. Nilitamani Masumbuko awe pale, na gereji yake yote, na kuku wake.

"Mpira hauzunguki kwenye bolti," akamweleza Deogratiasi. "Unajinyonga na kujinyongoa. Ukiukaza magurudumu yananing'inia, gari likishuka chini tayari umenyongwa hata kabla ya safari. Shimo la kwanza, la pili, unachanika."

Deogratiasi akawa anatazama vidole vyake vya miguu.

Salvatori akasema anaweza kukata bushi kwa kisu kutoka tairi kuukuu la lori, ila itakuwa kazi ya siku nzima, na hazitafika mbali. Nikakumbuka mfuko chini ya kiti. Alipozimwaga zile nyekundu kiganjani, akatabasamu mara ya kwanza.

"Hizi ndizo. Hizi hazijinyongi, zinazunguka. Zitawatikisa, Mama, siwadanganyi. Kila jiwe mtaliona. Lakini hazikatiki. Grisi yake iko wapi?"

"Bi Hadija," nikasema, "muulize mkwe grisi iko wapi."

Deogratiasi akakuna shingo.

"Mwambie Mama... nilipaka mnyororo wa baiskeli."

"Yote?"

"Mwambie na bawaba za mlango."

Salvatori akatikisa kichwa. Zikiingia kavu, akasema, zitalia kama nguruwe hadi Biharamulo, tena zitabana, na zikibana huenda zikaivunja ile bolti kuukuu. Na grisi nyeusi ya kawaida na oili alizokuwa nazo alisema zinaila plastiki ya namna ile, hakuziamini. Akafikiri. Macho yake yakaja juu ya kibuyu changu, yakaondoka upesi.

Niliyaona.

"Haya ni mafuta ya ng'ombe," nikasema. "Yangefaa?"

"Yangefaa kuwafikisha. Lakini ninajua ni ya nini hayo, Mama. Hata kwetu yapo. Mimi siwezi kutia mkono wangu kwenye mafuta ya bibi harusi nikapaka gari."

Sasa hapo nikamkasirikia na yeye! Saa zinakwenda, mmoja kamaliza grisi kwenye baiskeli, mwingine ana adabu kuliko padri, na mimi niliyekatazwa kusema tangu asubuhi ndiye niliyekuwa na dawa mapajani. Nikafungua kibuyu. Nikatia vidole vyangu mwenyewe.

"Lete hizo bushi." Kisha nikageuka. Nilimtazama mkwe wangu usoni kwa mara ya kwanza tangu alipomwoa Imakulata. Ana kovu dogo juu ya jicho la kushoto, sikuwa nalijua. "Deogratiasi, shika jeki. Na wewe Salvatori, zikiingia zote, shusha gari kabla ya kukaza."

"Hizi nyekundu hazina shida hiyo, Mama, hata hewani..."

"Shusha."

Akashusha. Akalala kwenye tope lenyewe, akakazia chini, bila kubisha. Kila bushi niliipaka mimi, ndani na nje. Zilikula mafuta kidogo tu, kama ya kijiko kimoja. Hilo mlikumbuke, maana baadaye gari lilisingiziwa.

Ilikuwa saa saba. Mke wa Salvatori, Melania, akatuletea ugali na dengu za njano, kwenye sinia moja, chini ya turubai lao. Mahindi ya kopo. Niliyala. Yalikuwa matamu. Deogratiasi alipomuuliza Salvatori anataka nini kwa kazi yake, alikataa kwa kichwa. Lakini Melania alikuwa anakitazama kibuyu, na yeye hakuondoa macho.

"Binti yetu aliolewa hapa hapa kambini," akaniambia kwa Kirundi. "Shangazi yake hatukumwona tena tangu tuvuke mto wa mpakani. Na ng'ombe tuliwaacha."

Akamwita. Spesioza. Msichana wa miaka kumi na tisa hivi, mtoto mgongoni, mabega yamekaushwa na vumbi. Sikuuliza ruhusa ya mtu. Nilimkalisha kwenye kigoda cha fundi nikampaka, bega la kulia, la kushoto, mikono, na shingo chini ya kitambaa cha mtoto. Nilipaka kama mtu anayelipa maneno aliyoyasema getini, na sikupima. Kisha nikamshika mkono nikamvusha kizingiti cha nyumba yao ya turubai, kijiti tu kimelazwa chini, nikamvusha. Melania akalia. Bi Hadija, Mwislamu wa watu ambaye mila hii si yake, akapiga kigelegele mpaka Mathayo akaja tena na fimbo.

Nilipokitikisa kibuyu, kilikuwa nusu.

Kasulo hadi Lusahunga, nyuma ya askari

Saa tisa kasoro tulikuwa kwenye msururu, kati ya malori mawili. Askari akaisukuma tena Kanyoni kwa mguu. Kimya.

"Mmeweka nini?"

"Mafuta ya bibi harusi," Bi Hadija akasema.

"Msinitanie, mama."

Kabla hatujaondoka Deogratiasi akanyoosha mkono, akakirudisha kioo mahali pake. Macho yetu yakakutana humo.

"Samahani, Mama. Lazima nione nyuma."

"Ungeona tangu Mabawe," nikamwambia.

Masumbuko hakusema uongo kuhusu meno. Zile nyekundu hazimezi kitu. Kila changarawe ilinipanda kutoka kiunoni hadi utosini, Bi Hadija akawa anashika ushungi kwa mikono miwili, akisema, "Ee Mola, mpira nao ulikuwa na raha zake!" Dereva wa lori la nyuma, Ngeleja, alikuwa anachungulia dirishani akitupigia kelele, "Kasukumeni hicho kisanduku!" Lakini usukani ulinyooka kama uzi. Msitu ule wote, kimya cha watu wanaosali kila mmoja kwake, Kanyoni haikuachwa hata urefu wa gari moja. Lusahunga, Ngeleja mwenyewe ndiye aliyesimama na gurudumu limepasuka. Nilipaza sauti kutoka kiti cha nyuma nikamwuliza kama anataka tumsukume.

Biharamulo

Jumamosi asubuhi nyumba ya Paskali ilijaa. Nikaketi na Jenoveva chumbani, nikafungua kibuyu. Dada wa bwana harusi, Anastazia, mwanamke wa kucha ndefu, akainama akachungulia ndani.

"Nusu! Shangazi kaja na nusu? Au mafuta yaliliwa na gari? Tumesikia."

Kumbe Bi Hadija alikuwa ameshasimulia hadi jikoni.

"Gari lilikula kijiko kimoja," nikasema, na sikupunguza sauti. "Likanifikisha. Nusu yako iko Lukole, mabegani kwa Spesioza wa Salvatori, ambaye hakuwa na shangazi. Kama wewe unaona bibi harusi wetu amepungukiwa, mwambie kaka yako arudi nyumbani, nami nitarudi Mabawe na nusu yangu."

Jenoveva, huyu mnayemjua, mwenye watoto sita wote wazima, akavua kitenge mabegani mwenyewe.

"Nipake, Shangazi. Watu wanangoja."

Nikampaka. Mafuta yalikuwa na harufu kidogo ya chuma, na bega la kushoto lilibaki na alama nyeusi ya kidole changu, maana oili ya Kanyoni haikutoka kwenye kucha zangu kwa wiki nzima. Nikataka kuifuta. Akanishika mkono, akasema iache, na kwa mkono huo huo nikamvusha kizingiti.

Basi. Bushi zile nyekundu bado zimo, Deogratiasi alizitafutia grisi yake, na gari likilia siku hizi ananiuliza mwenyewe, mdomo kwa mdomo. Kama nimekosea saa, au nimekosea mahali, Bi Hadija yupo hai, yeye na nyinyi mnisahihishe. Habari ya kukaza bolti za mpira msiniguse.

Ila kuna jina moja silijui, mimi ninayejisifu kwa majina. Yule mtoto aliyekuwa mgongoni kwa Spesioza. Nilimpaka mama yake shingoni mafuta yakamgusa na yeye kichwani, akanitazama, na sikuuliza anaitwa nani. Baadaye wakarudishwa kwao. Anayelijua jina lile aniandikie, nilitie hapa mahali pake.